Stetasi za watu ninaowapenda nimezificha zote. Acheni nieleze kwa nini

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Huu si uzi wa kuwaambia mfute akaunti. Nyuzi za aina hiyo zipo nyingi, na wengi wanaozileta hurudi mtandaoni kabla hazijafika ukurasa wa pili. Wala sikuja kuhesabiana saa, nani kashinda na simu na nani hakushinda. Hoja yangu ni moja, na anayetaka kuipinga aipinge kwa hoja: mitandao haikutunyima muda wa kuonana kama tunavyolalamika kila siku. Imetunyima sababu ya kuonana.

Zamani ukipotezana na mtu, kilichokusukuma kumtafuta ni kutojua. Yuko wapi siku hizi? Ile kazi aliipata? Mwanawe aliyekuwa anaumwaumwa, alipona? Swali hilo linakukaa rohoni, linakusumbua, mpaka siku moja unapiga simu au unapita kwake. Leo swali linajibiwa kabla hujaliuliza. Umeamka, umefungua stetasi, umeona fulani kasafiri, kanenepa kidogo, mtoto wake kavaa sare mpya. Roho inatulia. Yuko poa huyu. Unatelezesha kidole unakwenda kwa mwingine. Yeye hajakwambia neno na wewe hujamwuliza kitu, lakini moyoni unajihesabia kwamba umeshamjulia hali.

Nilikaa na rafiki yangu mmoja wa siku nyingi. Tulikuwa hatujaonana muda mrefu, ila stetasi zake sizikosi na yeye zangu hazikosi. Mazungumzo yetu yalikuwa haya:

– Niliona ulisafiri.
– Eeh, kikazi.
– Na mdogo kaanza shule.
– Si ulilaiki?
– Nililaiki, ndiyo.

Basi. Yeye akageuza simu yake iliyokuwa mezani, mimi nikachungulia yangu. Habari zote zilikuwa zimekwisha kabla hatujakaa. Nikaokoteza swali la kupoteza muda: mbona macho mekundu, huko safarini ulikuwa unalala kweli? Akacheka, akanyamaza, kisha akaanza kusema. Safari haikuwa ya kikazi. Alikwenda kwenye usaili, kwa sababu kazi aliyokuwa nayo iliisha miezi kadhaa nyuma na nyumbani hajamwambia mtu. Tulikaa pale mpaka wahudumu wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Ile picha yake ya uwanja wa ndege nilikuwa nimeiwekea emoji ya moto.

Sasa tusiseme tumekuwa wabaya tu. Hali hii ilitengenezwa kidogo kidogo. Facebook ilipoanza mwaka 2004, ukitaka habari za mtu ilibidi uende kwenye ukurasa wake. Umwendee, yaani. Septemba 2006 wakaleta mkondo wa habari unaokuja wenyewe, na watumiaji wakapiga kelele sana kwamba wanaanikwa, kisha wakazoea. Mwaka huohuo mbunifu Aza Raskin akabuni ukurasa usio na mwisho, ule ambao kidole kinashuka na habari haziishi. Baadaye mwenyewe alisema hadharani kwamba anaujutia. Februari 2009 ikaja laiki, na hata neno "hongera" likawa halina haja ya kuandikwa. Mwaka 2016 Instagram nayo ikaacha kupanga picha kwa kufuata wakati, ikawa inatanguliza kile inachokisia kitakushika. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, akasema waziwazi kwamba swali lililowaongoza waliojenga vitu hivi ni namna ya kuuchukua muda wako na umakini wako kwa wingi kadiri inavyowezekana.

Ukiangalia mlolongo huo, kila hatua ilikuja kukupunguzia usumbufu. Na usumbufu ndio ule uliokuwa unamwambia mwenzako kwamba unamjali. Mtu akikwambia "nilikukumbuka nikasema nipite", uzito wote uko kwenye kupita.

Kwa hiyo nikafanya kinyume cha wengi. Wengi huficha stetasi za watu wanaowaudhi. Mimi nimeficha za watu wangu wa karibu kabisa: ndugu, marafiki wale ambao nikipata shida ya usiku ndio nitakaowapigia. Za watu baki nimeziacha, hizo ni burudani. WhatsApp unashikilia jina la mtu kwenye orodha ya stetasi na unachagua kumnyamazisha. Zake zinashushwa chini kabisa na yeye haambiwi. Instagram nayo inaruhusu, kimyakimya vilevile.

Matokeo yake sijui wanaendeleaje. Inaniwasha. Nikishindwa kuvumilia napiga, na nikipiga nina maswali kweli, siyo yale ya "niambie" na "poa tu".

Nawasilisha.

#2

Mkuu nimesoma mpaka mwisho, nikajikuta natafuta pa kulaiki. Sasa sijui nifanyeje.

#3

Mleta uzi, nakupinga kidogo. Kuna sisi ambao simu ikiita tunaiangalia mpaka ikatike ndiyo tunapumua. Si kiburi, ndivyo tulivyo. Kwangu kuchati ndiko kuongea. Rafiki yangu mkubwa kuliko wote tulijuana mtandaoni, tukaandikiana muda mrefu kabla ya kuonana, na siku tulipoonana hakukuwa na kitu kigeni. Usitufanye tuonekane tuna urafiki wa daraja la pili.

#4 – Mleta uzi

#3 ndugu yangu, wewe hata hatugombani. Mlikuwa mnaandikiana. Unauliza unajibiwa, unakasirika anakubembeleza. Ninachokisema mimi ni kule kuangaliana bila kusemezana, kama watu wawili kwenye madirisha ya nyumba mbili wanaopungiana mkono mwaka mzima. Barua ziliwahi kutunza urafiki wa watu miaka na miaka, iweje kuchati kushindwe?

Hilo la simu kuita lakini nina neno nalo. Mwaka 2021 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha utafiti ambapo watu walitakiwa kumtafuta rafiki waliyepotezana naye, wengine kwa simu, wengine kwa barua pepe. Kabla ya kuanza, watu walidhani simu itawatia aibu zaidi, watakosa la kusema. Waliopiga wakajikuta wamejisikia karibu zaidi na yule rafiki kuliko walioandika, na ile aibu waliyoiogopa haikuzidi ya wenzao. Woga wetu wa simu uko zaidi kwenye dakika ile kabla haijapokelewa.

#5

Mimi nafanya kazi mbali na wanangu. Kila jioni tunapigiana kwa video. Mdogo huwa ananionyesha daftari karibu mno na kamera, naona weupe tu, na namsifia hivyohivyo. Mtu akiniambia mitandao imeua familia namwambia aje akae kwenye viatu vyangu kwanza. Bila hicho kioo yule mtoto angeniita "shikamoo mgeni".

#6 – Mleta uzi

Dada, au kaka, #5, hapo wala sina la kuongeza. Weupe wa daftari unausifia kwa sababu mtoto anakusubiri uuone.

#7

Sasa tuongee kwa takwimu maana naona hisia zimekuwa nyingi. Amy Orben na Andrew Przybylski mwaka 2019 walichambua taarifa za vijana zaidi ya 350,000 kutafuta uhusiano kati ya kutumia teknolojia ya dijitali na ustawi wao wa nafsi. Uhusiano ulikuwepo, lakini matumizi hayo yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti kati ya kijana na kijana. Yaani karibu na hakuna.

La pili. Mwaka 2018 wachumi kule Marekani, Hunt Allcott na wenzake, waliwalipa watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki 4 kabla ya uchaguzi wa katikati ya muhula. Waliofunga walipata kama saa nzima ya ziada kila siku. Mnajua sehemu ya saa hiyo ilikwenda wapi? Kuangalia televisheni peke yao. Kwa hiyo mnaposema mtandao ndio unatutenga, mjiulize kama huko nje mna mtu wa kwenda kumwona.

#8 – Mleta uzi

#7 asante sana, umeniletea silaha halafu unadhani umenipiga nayo.

Huo utafiti wa wiki 4 naujua, na ulikuta pia kwamba watu walikaa zaidi na familia na marafiki, na wakajisikia vizuri kidogo. Kidogo, siyo sana, wala sitawadanganya hapa. Lakini hilo la televisheni ndilo ninalolisema tangu mwanzo. Muda ukirudi peke yake hauna kazi. Ukimpa mtu saa moja bila kumpa sababu ya kwenda kwa mwenzake, atatafuta kioo kingine.

Hizo asilimia 0.4 nazo sina ugomvi nazo, ila tazama kilichopimwa. Wamepima matumizi kwa jumla: anayemwandikia mama yake na anayekesha akiangalia maisha ya watu asiowajua wote wako kwenye kapu moja. Facebook wenyewe, Desemba 2017, walikubali kwenye maelezo yao kwamba kupitia habari za watu bila kushiriki kunaweza kumwacha mtu akijisikia vibaya, na kuzungumza na watu wa karibu kunaweza kumsaidia.

Upweke nao si jambo la kufanyia mzaha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anaguswa na upweke, na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusishwa nao. Hawakusema simu ndiyo mwuaji, na mimi sisemi. Magonjwa, umaskini, kuishi peke yako, vyote vimo humo.

#9

Naomba niseme la kwangu, halafu nirudi kusoma.

Nililazwa. Kundi letu la familia likajaa: "ugua pole dada", "Mungu ni mwema", stika za maua, stika za mikono imefumbatwa. Nilikuwa nazisoma zote kitandani, nyingine mtu kanakili ya mwenzake mpaka na kosa la tahajia. Wala sizidharau. Pesa za matibabu zilichangwa humohumo kundini, mtu mmoja aliandika orodha, kila aliyetuma jina linaongezwa, na nisingetoka bila hiyo orodha. Kwa hiyo anayelitukana kundi mbele yangu tutakosana.

Lakini alikuja binamu mmoja ambaye simu yake ni ile ya batani, hayumo kundini kabisa, alisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Akaingia, hakusema pole. Akainua mfuniko wa sahani iliyokuwa pembeni, akaona chakula hakijaguswa, akaniuliza: "Kinakukataa au wewe ndiye unakikataa?" Nililia pale, sijui hata kwa nini. Siku zote hizo watu walikuwa wananiambia nipone, hakuna aliyeuliza kama nakula.

Wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi nasema ile ya mbali inaweza kulipia dawa, lakini sahani inafunuliwa na aliyepo.

#10

#9 umenifanya nifunge uzi nimpigie shangazi yangu. Narudi.

#11

Wazazi mko wapi? Wenzetu Australia tangu tarehe 10 Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kumiliki akaunti kwenye mitandao mikubwa. Hilo ndilo suluhisho, mengine ni porojo.

#12 – Mleta uzi

#11 fungua uzi wake, nitakuja kuchangia. Hapa tunawasema wenye miaka zaidi ya 16, ambao hatuna wa kutuzuia.

#13

Mleta uzi, hii mbinu yako ina makali mawili na hukutuonya. Nami nilificha stetasi za watu wangu wa karibu, kabla hata ya huu uzi, kwa sababu nyingine tu. Dada yangu akavishwa pete, akaweka picha. Dunia nzima ikampongeza. Mimi kimya. Baadaye akaniambia, "Hata yule tuliyegombana naye kaniandikia, wewe unajifanya hujaona." Ukimwambia mtu "sikuona" siku hizi ni sawa na kumwambia "sikujali". Kuna ile orodha ya walioangalia, watu wanaipitia jina kwa jina.

#14 – Mleta uzi

Hilo la kweli kabisa, na ndiyo maana mimi sikuficha kimyakimya. Niliwaambia mmoja mmoja: stetasi zako siangalii, siyo kwa ubaya, ukiwa na jambo nipigie, nataka kulisikia kwako kabla halijawa tangazo. Wengine walicheka. Mmoja alinuna, akasema najifanya mtu mzito. Ila baada ya muda ikawa heshima: jambo likitokea mimi ni miongoni mwa wanaoambiwa, siyo wanaoona. Mdogo wangu siku alipopata kazi alinipigia yuko bado getini kwa watu, anahema, hajaposti popote. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake ikiwa vile.

Lazima uwaambie. Ukificha bila kusema, kwao umenuna tu.

Na usifiche watu mia. Robin Dunbar, yule mtaalamu wa Uingereza anayejulikana kwa ile idadi ya watu 150 ambao binadamu anaweza kudumisha uhusiano nao, anasema ndani ya hao kuna duara la kama 15 walio karibu, na ndani yake kama 5 hivi wa chanda na pete. Mimi nazungumzia hao wa ndani. Waliobaki stetasi zinawatosha kabisa, wala hakuna ubaya. Mtu uliyesoma naye zamani usiyejua hata anaishi wapi, kuona kwamba yu hai na anacheka ni zawadi tosha, na mtandao ndio umeileta.

#15

Swali la kizushi: hao 5 tunawapataje sisi ambao tumeshafika umri wa "kila mtu na maisha yake"? Uzi mzima unaongea kama kila mtu ana marafiki tayari, kasahau tu kuwapigia.

#16 – Mleta uzi

Si la kizushi, ni gumu kuliko yote yaliyoulizwa humu.

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 hesabu ya saa ambazo watu hukaa pamoja hadi urafiki ukomae. Alikadiria kama saa 50 ndipo mtu mnayefahamiana tu ageuke rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki kweli, na zaidi ya 200 awe wa karibu. Na saa za kukaa ofisi moja mkifanya kazi hazibebi uzito wa zile za kupiga soga na kustarehe pamoja.

Kwa hiyo usimtafute rafiki, tafuta kitu kinachojirudia. Mazoezi ya jioni, kwaya, darasa, timu, kujitolea mahali, chochote ambacho kitakukutanisha na sura zilezile wiki baada ya wiki bila kila mara kupanga. Sisi watu wazima hatukosi watu wazuri, tunakosa marudio. Shuleni marudio tulipewa bure ndiyo maana tulipata marafiki bila jasho. Hapa mtandao ni mzuri sana, kwa sababu makundi ya namna hiyo yanatangazwa humo. Angalia tangazo, kisha nenda.

#17

Na wale wanaokuja kukutembelea halafu wanakaa na simu? Hao uzi wao upo?

#18 – Mleta uzi

Hao usiwaseme, waombe msaada. "Hebu nishikie hiki." Mikono ikijaa simu inawekwa chini yenyewe. Sina utafiti wa hilo, ni ujanja wa mama yangu.

#19

Mkuu mimi nimekuelewa ila nina tatizo la kiufundi. Kuna jamaa yangu, tulikuwa kama ndugu, hatujaongea miaka. Tunalaikiana tu. Leo nikimpigia ghafla atajua nataka kumkopa. Naanzaje?

#20 – Mleta uzi

Hahaha. Hilo linawazuia wengi kuliko aibu.

Lizike mwanzoni kabisa. Akipokea tu, kabla hata ya salamu kukolea: "Sina shida yoyote, sikukopi, hakuna msiba, nimekukumbuka tu." Atacheka, na akicheka umeshapita. Halafu mwulize kitu ambacho kwenye picha hakionekani. Usimwulize safari, aliiposti. Mwulize mgongo wake, kama ulikuwa unamsumbua. Mwulize kama bado anakoroma. Kitu ambacho ni wewe tu unakijua, maana hicho ndicho kinamwambia kwamba hukupiga kwa kukosea namba.

Usiseme "tutafutane". Hiyo ni njia ya kiungwana ya kuagana. Mkikubaliana kuonana, taja siku kabla hujakata.

#21

Nimepiga.

Kapokea kwa wasiwasi, kitu cha kwanza kaniuliza: "Nani kafa?"

#22 – Mleta uzi

Kawaida hiyo. Ukamwambiaje?

#23

Nikamwambia hajafa mtu na sikopi. Kanyamaza, kisha kasema yeye ndiye alitaka kunikopa mwaka juzi akaona aibu kunipigia baada ya kimya kirefu, akaacha. Sasa ananieleza ilikuwaje. Ameenda kufunga mlango watoto wasisikie, ngoja niweke simu hii sikioni vizuri, nitawajibu baadaye.